Hesabu ya Mafuta

Mimi ni mtu wa karai.
Miaka ishirini na mitatu, Majengo, kona ya fundi saa,
mafuta nayajua kwa sauti:
yakipiga kelele bado yana maji,
yakinyamaza, tia kiazi,
yakitoa moshi wa buluu umeshayaua.
Lita yangu naijua ilipokwenda.
Hii imenywewa na bajia, hii imepaa ukutani,
hii jirani alikuja kuikopa kwa kikombe cha chai,
na kikombe hajakirudisha.

Kwa hivyo Rukiya alipokalia mbuzi ya nazi,
koti la maabara bado kalikunja kwapani,
akaniambia, Mama, uvimbe wa Baba unakula mafuta,
sikupiga ukemi.
Nilimuuliza: Kwa siku, kiasi gani?

Akacheka. Kisha akalia. Kisha akavuta kamasi, akaeleza.

Mwanzo seli ina adabu ya mgeni.
Yaketi juu juu, kwenye ngozi ya ndani ya kibofu,
yajipikia yenyewe: sukari kidogo ya damu
yaigeuza mafuta, yawashonea wanawe ngozi,
basi.
Mgeni siku mbili, walisema wahenga,
siku ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe kalitwaa mwenyewe
akaanza kuchimba ukuta.

Na kuchimba, mwanangu asema, kwataka mafuta.
Kujipikia hakutoshi tena.
Seli yajitoboa vijidirisha,
yadaka mafuta ya watu yakipita na damu,
na ya ziada haimwagi.
Yaweka.
Ameyaona kwenye hadubini
(si ya Baba, asema haraka, ya mtu mwingine)
matone yaliyotiwa rangi, mekundu, yamejazana
kama madebe ya yule tajiri wa Mwembe Tayari
mwaka wa uhaba: mbele aapa hakuna,
nyuma yamepangwa hadi darini.

Mselem alipuliza rangi magari, Shimanzi,
gereji ya mabati, leso puani siku akikumbuka,
sigara nyuma ya sikio.
Alipokojoa nyekundu alisema ni rozela.
Miezi minne alisema ni rozela.
Na mimi, nijuaye tone lililopotea karaini,
niliosha choo nikanyamaza.

Sasa mkanda wake una matundu matatu ya msumari.
Pete kaivua, yaning'inia kwenye kitasa cha kabati.
Nikasema: basi samli naikata, na nazi, na mahamri,
tuone huyo mchimbaji atachimba na nini.
Rukiya akanishika mkono, nimeshainua kopo.
La, Mama.
Ukimfunga njaa, wa kwanza kuumia ni Baba.
Na huku kukonda si hesabu nyepesi hivyo,
hata sisi hatujaimaliza.
Kuna watu, mbali na karibu, wanatafuta
namna ya kuviziba vile vijidirisha.
Wewe jiko usilizime.

Sikulizima.
Leo alfajiri, baada ya usiku wa kwenda chooni mara saba,
kaita kutoka kitandani: yale mahamri, yapo?
Nikasukuma manne. Iliki nikaongeza kwa makusudi.
Kala moja, na la pili kalifikisha nusu,
nikaandika kichwani, moja na nusu,
kama niandikavyo deni la mtu mwema.
Akajifuta vidole kwenye gazeti nililofungia.
Mafuta yalikuwa yamelipenya karatasi
doa pana, laini, lapitisha mwanga.
Akaliinua dirishani
akakaza macho
akaanza kusoma yaliyoandikwa upande wa pili.

Soma kwa sauti, nikamwambia.
Nami nisikie.